Sifa Ziyaendee Majani Makavu

Mwaloni umesimama upande wa jirani yangu, lakini upepo wa Novemba hapa Minneapolis hupenda kuvuma kutoka kaskazini-magharibi, na nyumba yangu iko kusini-mashariki mwa mti ule. Kwa hiyo mti ni wake, kivuli ni chetu sote, na majani ni yangu.

Nimekuja kuyasifu. Nasema hivyo huku kiuno kinaniuma na mifuko 34 ya majani imepangwa nyuma ya nyumba, kwenye kichochoro anapopita mchukuzi wa taka. Lawama zote nazijua. Majani huziba mifereji ya paa, na maji yakikosa njia huteremkia ukutani. Yakilowa kwenye ngazi huteleza kuliko sabuni. Huingia sebuleni na viatu vya watoto, hunasa kwenye kioo cha gari, hulala juu ya nyasi mpaka nyasi zikaoza chini yake. Ukifagia asubuhi, jioni ni kama hukufagia. Jumamosi nne za familia huishia humo. Yote hayo ni kweli na sipunguzi hata moja. Hata hivyo, katika miaka sita niliyoishi mtaa huu, sijaona sikukuu wala mkutano wala mwaliko ulionitendea hisani kama majani haya.

Tulihamia hapa mwezi wa Februari. Ukihamia Minnesota Februari huhamii mtaani, unahamia ndani. Nyuma ya kila nyumba kuna gereji, na mlango wake hufunguka kwa kibonyezo gari likiwa bado kichochoroni. Gari linaingia, mlango unashuka, basi. Niliyajua magari ya majirani kabla ya kuzijua sura zao. Kiangazi kilipofika watu walitoka, lakini walitoka kwa kupita: huyu anakimbia na vidude masikioni, yule anatembeza mbwa, mkono unapungwa, siku imekwisha. Hapakuwa na ugomvi wala dharau. Kilichokosekana ni sababu ya kusimama. Mtu mzima haendi kusimama mbele ya nyumba ya mwenzake hivihivi, bila shughuli mkononi. Hata kwetu haendi.

Kwetu, shughuli hiyo ilikuwa kufagia. Nimekulia Ngamiani, Tanga, nyumba yenye mkungu mbele yake. Mkungu ni mti wa pwani ambao nao hugeuza majani yake kuwa mekundu na kuyamwaga, na majani yake ni makubwa, moja linatosha kufunika uso wa mtoto. Alfajiri, baada ya swala, wanawake wa mtaa walikuwa nje wameinama na fagio za chelewa, mkono mmoja mgongoni, wakichora mistari kwenye mchanga. Habari zilipita juu ya mistari hiyo. Mtoto wako homa imeshuka? Mgeni wenu amefika salama? Maji yametoka kwenu? Majani ya mkungu wetu yalipeperukia kwa jirani, naye akayafagia pamoja na yake bila kuuliza yametoka wapi. Asiyeonekana na ufagio siku mbili, ya tatu aligongewa mlango. Uwanja usiofagiwa uliwatia watu wasiwasi kabla ya kuwatia karaha, kwa sababu walijua kuna mtu ndani hawezi kuinama.

Minneapolis hakuna mchanga wa kufagia. Kuna nyasi, na nyasi hukatwa kwa mashine inayonguruma, mwenye kukata ameziba masikio. Ni miezi ya Oktoba na Novemba peke yake inayowarudishia watu hawa ufagio mkononi, nao wanauita reki.

Nimesoma kidogo juu ya majani haya, kwa kuwa anayekufadhili ni adabu kumjua asili yake. Siku zinapofupika, mti huacha kutengeneza klorofili, ile inayolipa jani ukijani. Kijani kikiondoka, njano huonekana, na njano hiyo haikuletwa na baridi. Ilikuwamo tangu jani lilipochipua, ni ya jamii moja na rangi ya karoti, ila ilikuwa imefunikwa. Wekundu ndio unaotengenezwa wakati huo, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, na hapa mtaani wekundu huo ni wa mepo, mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Kisha pale kikonyo kinaposhikana na tawi, mti hujenga ukuta mwembamba wa seli na kukifunga kidonda kabla hakijawa donda. Jani hubaki limeshikiliwa na nyuzi chache tu, likingoja upepo. Kwa hiyo jani haling'oki. Mti wenyewe umelifungulia.

Mwaloni una tabia yake. Mialoni mingi hushikilia majani yaliyokwisha kukauka, ya rangi ya kahawia, hata baridi kali ikaikuta nayo. Mepo wangu humaliza kumwaga kabla ya Oktoba kwisha. Mwaloni wa jirani huanza kazi pale ninapokuwa nimeshaosha reki na kuitundika. Kero yote ya miaka yangu miwili ya kwanza ilitoka kwenye kuchelewa huko: nilikuwa nikimaliza majani yangu, kisha naanza ya mtu ambaye sijawahi kumsikia sauti.

Mwaka wa tatu mama alikuja kukaa nasi. Alifika Septemba. Kwake Oktoba ni vuli, yaani mawingu, mvua fupi, na mbegu za mahindi na kunde zinaingia ardhini. Alisimama dirishani akayatazama majani yanamwagika chini ya anga kavu, akauliza mti ule una ugonjwa gani. Nikamwambia hauna ugonjwa, ni majira yake, na wapo wanaoyaita vuli majira haya kwa Kiswahili. Alikataa katakata. Vuli bila mvua haijapata kuwa vuli.

Asubuhi moja, mwanzoni mwa Novemba, sikumkuta chumbani. Nilimwona nje, kanga juu ya koti langu la baridi, reki mkononi, ameinama vilevile kama anashika chelewa. Upande wetu ulikuwa umemalizika. Alikuwa ameshavuka mpaka na yuko katikati ya uwanja wa jirani.

Nilitoka mbio, kwa maana huku ardhi ya mtu ni ya mtu, na haiingiwi kwa nia njema peke yake.

"Mama, hapo si kwetu."

"Najua si kwetu." Hakuinua kichwa. "Ni kwa mtu mzima, anaishi peke yake. Nimfagilie nusu?"

Mlango ukafunguka. Mzee akatoka na buti ambazo hajazifunga kamba, akasimama kwenye ngazi ya kwanza, kashika nguzo. Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza, naye anaomba radhi. Akasema majani ni ya mti wake, alituona tukiyafagia mwaka wa kwanza na wa pili, na kila mara alisogea mbali na dirisha kwa aibu, kwa kuwa goti lake lilikuwa limepasuliwa na hakuweza kuinama kutusaidia. Mimi miaka yote miwili nilidhani ni kiburi. Tulikuwa tumetenganishwa na kichaka cha futi nne na aibu ya mtu mmoja.

Nikamfasiria mama maneno yake yote. Aliyasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie ashike mfuko."

Hapa inabidi niueleze mfuko. Sheria ya Minnesota inakataza kuchanganya majani na taka za nyumbani, na katika eneo hili la Minneapolis na Saint Paul katazo hilo lipo tangu 1990. Majani huenda kuozeshwa yawe mboji. Kwa hiyo hayafungwi kwenye plastiki ya kawaida. Watu wengi hununua mifuko ya karatasi nene, ya lita 113, inayooza pamoja na kilichomo. Ni mfuko mzuri dukani. Ukiwa peke yako uwanjani, upepo unavuma, unajikunja. Unaushika kwa mkono mmoja, unachota kwa mwingine, nusu ya ulichochota inarudi chini. Mfuko ule unataka watu wawili: mmoja autanue mdomo, mwingine ajaze. Anayetanua mdomo hahitaji kuinama. Kazi hiyo ilikuwa kana kwamba imepimwa kwa goti la mzee.

Ndivyo alivyosimama asubuhi ile, na asubuhi zilizofuata. Watoto wangu walipewa amri na bibi yao wamwamkie kila wanapomkuta, na baada ya wiki mbili alikuwa anaitika "marahaba" kabla hawajaimaliza "shikamoo". Wanamwita Babu. Hajapata kuuliza maana yake, nafikiri aliijua.

Lakini aliyenipa somo kubwa zaidi alikuwa ng'ambo ya kichochoro. Mapipa yetu ya taka yalikuwa yanatazamana na mapipa ya nyumba moja ya Wasomali. Minnesota ndiyo yenye jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini Marekani, na wengi wao walipitia Kenya, ama kambi za Dadaab ama Nairobi. Hayo niliyajua kama mtu anavyojua habari za redioni. Mama wa nyumba ile tulisalimiana kwa Kiingereza miaka miwili na miezi minane, neno moja moja, kila mmoja akijitahidi kulitamka vizuri. Jumamosi moja ya Novemba ile naye alikuwa kichochoroni na reki yake. Mwanangu alikuwa anaiburuza yetu kwenye saruji, mama yangu akampigia kelele: "Wewe! Utaivunja meno hiyo!"

Ng'ambo ya pili sauti ikajibu, "Muache, mama, ni mtoto."

Nilisimama nisijue niseme nini kwa lugha ipi. Alikuwa ameishi Eastleigh, ambayo yeye huiita Isili kama wenyewe, miaka kumi na mmoja. Kiswahili chake ni cha Nairobi, cha mama ni cha Tanga, na walianza kubishana palepale. Viazi yeye akiviita waru, mama akimuuliza waru ni mdudu gani. Walibishana wakicheka, mikono yote miwili juu ya mpini wa reki, kidevu juu ya mikono, namna wanavyosimama watu ambao hawana haraka ya kumaliza. Saa nzima ilipita hapo, na lundo la majani likatawanyika tena. Jioni zilikuja sambusa. Sikuwahi kuhesabu ni mara ngapi katika miaka ile miwili nilitamani mtu wa kusema naye Kiswahili hata cha kuulizana chumvi, naye alikuwa hatua kumi kutoka kwenye mlango wangu wa nyuma.

Najiuliza kwa nini majani yakafanya kazi ambayo kiangazi kizima hakikuifanya, na jibu nadhani liko kwenye saa. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa za Marekani hurudishwa nyuma. Kuanzia siku hiyo, jua la Minneapolis linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Anayetoka kazini anafika nyumbani gizani, na gizani hakuna anayefagia. Zinabaki Jumamosi na Jumapili, tena adhuhuri, jua likiwa limepasha kidogo. Kiangazi kila mtu ana saa yake, mchana ni mrefu, nafasi ni tele, na hakuna anayemkuta mwenzake. Novemba inawabana watu wote kwenye saa nne zilezile, kazi ileile, majani yaleyale yanayohama kutoka uwanja hadi uwanja. Huwezi kuyafagia bila kumwona mtu anayeyafagia upande wa pili, na huwezi kumwona mara kumi bila kumwambia neno.

Na theluji inakuja. Babu ametuhadithia dhoruba ya 1991, iliyoanza tarehe 31 Oktoba, siku watoto wa huku wanapovaa nguo za vinyago na kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Ilianguka hadi tarehe 3 Novemba, na jiji hili likapata sentimita 72. Waliokuwa hawajakusanya majani waliyakuta majira ya kuchipua, yakiwa tabaka jeusi lililogandamana. Watu wa umri wake hawaahirishi majani. Ukiona Babu amebisha hodi Ijumaa usiku kusema kesho kuna upepo, ujue ameshasikiliza utabiri mara mbili.

Mambo mengine amewafundisha watoto bila mimi kujua. Kona ya mtaa wetu kuna tundu la chuma barabarani linalomeza maji ya mvua, na maji hayo hayapiti popote pa kusafishwa, yanakwenda moja kwa moja kwenye maziwa ya jiji na Mto Mississippi. Majani yakirundikana pale yanaoza, yanaachia fosforasi ndani ya maji, na fosforasi ndiyo chakula cha mwani. Watoto wangu huogelea Ziwa Nokomis mwezi Julai, na wamekwisha kuona maji yakigeuka kijani. Siku hizi wakitoka shule hupita konani na kulisafisha tundu lile kwa miguu, wakigombania zamu. Jani la mwaloni wa Babu, lililoangukia kwangu, lililopeperukia kwa Wasomali, likifika konani limekuwa jambo la jiji zima.

Sahani nazo zilianza kutembea. Babu alileta mkate wa tufaha, wa zile tufaha za Honeycrisp zilizozalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota na kuingizwa sokoni 1991, zenye maji mengi ambazo ukizing'ata zinalia. Mama alikula vipande viwili, akaiosha sahani, akaitazama. Sahani ya jirani hairudi tupu. Akaloweka mchele usiku huo, na asubuhi ilirudi na vitumbua. Babu hakujua desturi, lakini baada ya siku tatu ikaja tena ina karanga za kuchemsha na sukari. Sahani ile ina ua la bluu pembeni. Sina hakika tena ni ya nani.

Uchungu nilio nao si juu ya majani, ni juu ya ile mashine ya kuyapuliza. Sisemi juu ya wagonjwa, wala wanaofanya kazi mbili, wala wafanyakazi wanaojipatia riziki kwayo. Nasema juu ya nyumba ambazo zina watu wazima watatu wenye nguvu na Jumamosi nzima, ambazo dakika arobaini tu za ngurumo zinamaliza yote, hakuna aliyetoka mlangoni, hakuna aliyesimama na mpini chini ya kidevu. Mwenye mashine ameziba masikio, ukimwamkia hakusikii. Uwanja unabaki safi kuliko wangu. Lakini natazama milango ile, na watu ndani yake siwajui mpaka leo, na naona kuna kitu wamenyang'anywa.

Mama alirudi Tanga mwezi wa Aprili. Hapendi kuzungumza sana kwenye simu, ila ikifika Oktoba hupiga mwenyewe na swali lake ni moja: "Yameanza?" Kisha huuliza habari za goti la Babu, na kama yule wa Isili amejifunza kuviita viazi kwa jina lake.

Wiki iliyopita Babu alikuja na karatasi. Alikuwa amekwisha kuzungumza na wakata miti. Aprili hadi Julai mwaloni hauguswi, kwa sababu kuna ugonjwa wa fangasi unaoletwa na wadudu wanaofuata harufu ya kidonda kibichi, kwa hiyo wangekuja Desemba. Matawi yote yanayoelekea upande wetu yangeondolewa. Alisema amefikiri muda mrefu, kwamba si haki tuendelee kubeba mzigo wa mti wake, na kwamba gharama ni juu yake. Aliyasema kwa utaratibu, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi.

Nilimwomba anisubiri. Nikaingia ndani, nikapiga Tanga. Huko ilikuwa jioni, nilisikia watu barabarani na mtu anamwita mwanawe. Nilipomaliza kueleza, mama alikaa kimya kidogo.

"Matawi yepi?"

"Ya upande wetu, mama. Yote."

"Mwambie Babu asiyaguse. Mwambie majani yetu tutayafagia wenyewe."

Nikatoka nje kumwambia. Ile karatasi ya wakata miti alikuwa ameitia mfukoni, na mfuko wa majani ameshautanua, ameushika mdomo kwa mikono miwili, anangoja mtu wa kujaza.